Maswali na Majibu ya Wasomaji: Je, hedifoni iliyorekebishwa huhitaji kuzoeshwa?

Barua zinazohusu hedifoni zilizofunguliwa na kurekebishwa na wenyewe zimekuwa nyingi kiasi kwamba safari hii tumeiachia mada hiyo safu nzima. Wengi wenu mnauliza jambo moja kwa maneno tofauti: baada ya kubadilisha kitu ndani ya hedifoni, je, ni lazima kuiacha icheze saa nyingi mpaka sauti yake itulie, na mtu atajuaje kwamba sauti kweli imebadilika? Kuichezesha huko kwa makusudi ndiko ninakoita kuzoesha. Wapo wanaoamini kuzoesha kwa moyo wote na wapo wanaokataa kabisa kwamba kuna faida, na pande zote mbili mara nyingi hubishana bila kupima. Nimechagua barua sita, nikazifupisha bila kuzigeuza maana.

Swali: Shikamoo, mwalimu. Nina hedifoni aina ya Fostex T50RP ambayo nimeitumia kwa miaka miwili. Hivi karibuni nimejaza plastisini (udongo laini wa kufinyangia) katika nafasi za plastiki zilizo ndani ya vikombe (maganda yanayobeba spika), nikaweka felti (kitambaa kinene cha nyuzi zilizoshindiliwa) nyuma ya spika, nikaziba baadhi ya matundu ya kupumulia kwa utepe, kisha nikaivisha mito mipya ya ngozi iliyo minene kuliko ile ya kiwandani. Siku ya kwanza sauti ilikuwa kavu na kali. Rafiki yangu alinishauri niiache icheze saa 100. Nimefanya hivyo, huku nikiivaa kila jioni, na sasa besi imeshuka chini vizuri na ukali umepungua. Yeye anasema spika imezoea, lakini mimi sina hakika. Ni nini hasa kilichobadilika? — *Mwenye Shaka*

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Shaka yako ina msingi, na barua yako yenyewe imebeba sehemu kubwa ya jibu.

Umesema kwamba hedifoni hiyo uliitumia miaka miwili kabla ya kuifungua. Spika zake, basi, zilikwisha kutetemeka kwa mamia ya saa, na kama zilikuwa na ugumu wowote wa upya uliohitaji kulainika, ugumu huo uliisha zamani. Kujaza plastisini na kubandika felti hakukirudishi kiwambo, yaani utando wa spika unaotetemeka, katika upya wake. Hili ndilo jambo ambalo wanaozungumzia kuzoesha hedifoni zilizorekebishwa hulisahau mara nyingi: huihesabia spika saa zake kuanzia siku ya marekebisho, kana kwamba ilizaliwa siku hiyo.

Kuna pia suala la umbo la spika. Wazo la kuzoesha lina mashiko zaidi kwa spika kubwa za sebuleni, ambazo koni yake hushikiliwa pembeni na mzingo wa mpira au sponji, na kwa nyuma hushikiliwa na kitambaa chenye mikunjo kilichokaushwa kwa gundi maalumu. Kitambaa hicho kikichezeshwa hulegea kweli, na masafa asilia ya spika, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde ambayo hutetemeka nayo kwa urahisi zaidi, hushuka kidogo, jambo linalopimika. Hedifoni nyingi zenye koili, yaani waya uliozungushwa unaosukumwa na sumaku, hazina kitambaa hicho cha nyuma; kiwambo chake ni utando mwembamba wa plastiki unaojishikilia kwa mikunjo ya ukingoni mwake. T50RP iko mbali zaidi na spika za sebuleni, kwa sababu koili yake ni mistari bapa iliyochapishwa juu ya utando, na utando huo umetandazwa katikati ya sumaku zilizo pande zote mbili. Sisemi kwamba utando haubadiliki hata chembe. Nasema kwamba mabadiliko yake ni madogo sana yakilinganishwa na mengine uliyoyafanya, na si haki kuupa sifa kabla ya kuyachunguza hayo mengine.

Kubwa kuliko yote ni mito. Mto mpya na mnene ni mgumu. Haufuati mfupa wa taya wala kile kibonde kilicho chini ya sikio, na hapo ndipo hewa huvuja. Hedifoni ya aina yako huitegemea sana hewa iliyofungiwa kati ya kiwambo na sikio ili itoe besi, na mvujo mdogo usioonekana kwa macho unaweza kuondoa desibeli kadhaa (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) za besi ya chini kabisa. Wewe uliivaa kila jioni, na joto la ngozi pamoja na uzito wa hedifoni, ambao uliuongeza mwenyewe kwa plastisini, viliibonyeza sponji mpaka ikachukua umbo la kichwa chako. Mvujo ukazibika, besi ikarudi. Wakati huohuo, kila sponji ilipobonyea, kiwambo kilisogea karibu zaidi na sikio. Wimbi la sauti la hezi 10,000, yaani mitetemo 10,000 kwa sekunde, lina urefu wa takriban sentimita 3.4 hewani, kwa hiyo milimita chache si kitu cha kupuuzwa mbele yake. Zinatosha kuhamisha vilele na mabonde ya sauti za juu. Ukali wa siku ya kwanza huenda ulikuwa kilele kimoja cha namna hiyo, ambacho sasa kimehama au kimeshuka.

Vitu ulivyobandika navyo vina mwendo wake. Plastisini haikauki, lakini ikipata joto hulainika na kujikalia vizuri pembeni, na mahali ilipobandikwa kwa wembamba mno huweza kubanduka. Gundi hukauka kwa saa au siku, kutegemea aina na unene. Miaka kadhaa iliyopita nilibandika felti ndani ya vikombe kwa silikoni, nikasikiliza usiku huohuo, nikaandika daftarini kwamba sauti imefungwa kama inayotoka sandukuni. Siku ya nne niliandika kwamba imefunguka. Nilikuwa tayari kuisifu spika, mpaka nilipofungua kikombe cha kulia na kuitazama felti kwa tochi: ukingo wake, ambao siku ya kwanza ulikuwa umelowa silikoni na kulalia nusu ya tundu lililo nyuma ya spika, sasa ulikuwa umekauka na kusimama wima, tundu likabaki wazi. Zilikuwa milimita mbili tu za kitambaa, nazo ndizo zilizoyazaa maneno yote yale ya daftarini.

Mwisho ni wewe mwenyewe. Ubongo wa msikilizaji huizoea rangi ya sauti anayoisikia kila siku, na baada ya wiki moja kile kilichokuwa kikali huwa cha kawaida. Mazoea hayo ni ya kweli na si aibu kuyakiri, ila yanatokea kichwani, si kwenye kikombe.

Ukitaka kulithibitisha hili, tafuta jozi ya pili ya mito ileile, ikiwa mipya, uivishe hedifoni yako leo. Ukavu na ukali ukirudi, utakuwa umempata mhusika, kwa sababu saa 100 za spika ziko palepale na kilichobadilika ni mto peke yake.

Swali: Nimenunua hedifoni mpya na ninakusudia kubadilisha sponji ya nyuma ya spika. Je, niizoeshe kwanza ndipo niibadilishe, au kinyume chake? Na nitumie sauti gani, kwa ukubwa gani, kwa muda gani? — *Mama Wawili*

Jibu: Dada yangu, anza na hedifoni kama ilivyotoka kiwandani, na uitumie kwa wiki mbili au tatu bila kuigusa. Kwa njia hiyo mito itakuwa imekwisha kubonyea, masikio yako yatakuwa yameijua sauti ya asili, na kama kiwambo kina la kulegea, litakuwa limelegea. Baada ya hapo badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Anayebadilisha sponji na mito siku moja hawezi tena kusema ni kipi kilicholeta nini, hata akiwa na masikio ya ajabu.

Kuhusu sauti ya kuzoeshea, wengi hutumia pinki noizi, yaani mvumo unaofanana na mvua kubwa, ambao nishati yake ni sawa katika kila oktava (hatua ambayo masafa huongezeka maradufu), hivyo kiwambo husukumwa katika masafa yote. Muziki wa kawaida wenye besi ya kutosha hufanya kazi hiyohiyo. Ukubwa uwe ule unaousikilizia siku zote au kupita hapo kidogo tu. Kuifungulia mpaka mwisho ili ikomae haraka ni hatari bila faida: koili ni waya mwembamba kama unywele uliobandikwa kwa gundi, na joto likizidi gundi hiyo huachia au koili hupinda na kuanza kukwaruza kingo za sumaku. Wakati wa kuzoesha ilaze mezani mito ikitazama juu bila kubanwa na chochote, usiivike kwenye kitu chenye umbo la kichwa, la sivyo utakuwa unazoesha mito huku ukidhani unazoesha spika. Usiku mmoja au miwili unatosha kabisa kuridhisha moyo. Ukimaliza, ivae na usikilize muziki.

Wala usiisikilize kwa sauti kubwa eti kwa sababu unapima. Shirika la Afya Duniani, katika kanuni lililozitoa mwaka 2019 pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, linashauri mtu mzima asizidishe wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na kwa watoto desibeli 75 kwa muda huohuo. Sikio lililochoka husikia sauti za juu kwa uhafifu, na hukumu yake siku hiyo haina thamani.

Swali: Ningependa kujipima bila kujua ninasikiliza nini, lakini hedifoni si kama spika za sebuleni. Nikiivaa tu naitambua kwa uzito na kwa mguso wa mito. Kuvua moja na kuvaa nyingine nako huchukua nusu dakika, na nikimaliza nimekwisha kusahau. Je, ipo njia ya haki? — *Fundi wa Jioni*

Jibu: Umeugusa ugumu halisi wa jambo hili, ndugu fundi, na ninafurahi kwamba umeuona kabla ya kuanza, kwa sababu wengi huuona baada ya kutangaza matokeo.

Kumbukumbu ya sauti yenyewe, yaani ladha yake halisi kabla haijageuzwa kuwa maneno, hudumu sekunde chache tu. Baada ya hapo tunachobaki nacho ni maelezo: kwamba besi ilikuwa nene, kwamba herufi «s» ilichoma. Anayesema kwamba hedifoni yake leo ni tamu kuliko ilivyokuwa wiki mbili zilizopita halinganishi sauti mbili. Analinganisha sauti moja na sentensi moja. Ndiyo maana hedifoni iliyozoeshwa haiwezi kuhukumiwa dhidi ya ilivyokuwa yenyewe zamani. Inahitaji mwenzake wa kulinganisha naye, aliye hai na anayecheza sasa hivi.

Kwa bahati njema hedifoni ina pande mbili, na upande mmoja unaweza kuwa shahidi wa mwingine. Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote. Chukua hedifoni mpya, uichezee upande wa kulia peke yake kwa kuisogeza balansi ya kompyuta mpaka mwisho, na uuache upande wa kushoto kimya, hedifoni ikiwa imelazwa mezani kwa namna niliyomweleza dada hapo juu. Baada ya saa 100 utakuwa na spika moja iliyozoeshwa na nyingine iliyo mpya, zenye mito ya umri mmoja, uzito mmoja na mguso mmoja. Kwa marekebisho ni vivyo hivyo: weka felti katika kikombe kimoja, kingine ukiache. Ukijaza plastisini, bandika kitu chenye uzito uleule nje ya kikombe cha pili ili kichwa kisikutolee siri.

Kisha mwombe mtu akusaidie. Keti, fumba macho, mikono magotini. Msaidizi arushe sarafu, na kulingana na jinsi itakavyoanguka akuvike hedifoni ama kwa upande wake wa kawaida ama kinyume, akiushikilia waya juu ya kichwa ili usihisi unatokea bega gani. Acheze wimbo wa mono, yaani uliochanganywa ili pande zote mbili zipate kitu kilekile, akiuhamisha kutoka sikio moja hadi jingine kila baada ya sekunde tatu au nne. Wewe sema tu: iliyofanyiwa kazi iko sikio hili. Asikujibu kitu, aandike, akuvue, arushe sarafu tena. Masikio ya mtu hayafanani, lakini kwa kuwa hedifoni inageuzwa mara kwa mara, tofauti ya masikio hujifuta yenyewe.

Fanya mara 16. Mtu anayebahatisha hupata 8 kwa wastani, na uwezekano wa kupata 12 au zaidi kwa bahati tupu ni kama asilimia 3.8. Kwa hiyo chini ya 12 usitangaze lolote. Usifupishe kwa kufanya mara tano. Anayebahatisha hupata zote tano mara moja katika kila mara 32, na mara moja hiyo ndiyo atakayoisimulia. Lililo muhimu zaidi, fanya jaribio zima kabla ya kuzoesha au kurekebisha chochote, kwa sababu spika mbili za hedifoni moja hazifanani kikamilifu tangu kiwandani. Ukizitambua kabla, jaribio la baadaye haliwezi kukuambia kitu.

Mimi niliifanya kwa hedifoni mpya ya koili, saa 100 upande mmoja. Nilipata 9 kati ya 16. Siku nyingine nilifanya hivyohivyo kwa duara la felti lisilozidi ukubwa wa sarafu, lililobandikwa nyuma ya spika moja, nikapata 16 kati ya 16, na jibu lilikuwa linanijia kabla wimbo haujamaliza mstari wa kwanza. Marekebisho husikika. Hilo halina ubishi kwangu.

Kuna sharti moja lisilovumilia uzembe, nalo ni usawa wa ukubwa wa sauti. Felti, sponji na matundu yaliyozibwa hubadilisha pia kiasi cha sauti kinachotoka. Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell nchini Marekani walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti inapopungua, sikio huipoteza besi haraka kuliko sauti za kati. Kwa hiyo upande unaocheza chini kidogo utasikika kama hauna besi, na upande unaocheza juu kidogo utasikika una uhai zaidi, hata kama hakuna tofauti nyingine. Weka pande zote sawa kwa maikrofoni na pinki noizi, tofauti isizidi desibeli 0.2 hivi. Kulinganisha volti kwa multimita hakutoshi hapa, kwa kuwa volti ileile ikiingia katika kikombe kilichojazwa felti haitoi sauti ileile. Munson huyohuyo, safari hii akiwa na Mark Gardner, alieleza mwaka 1950 utaratibu wa kulinganisha ambao leo hujulikana kwa jina la ABX, ambapo msikilizaji hupewa A, kisha B, kisha X aseme ni ipi kati ya hizo mbili. Ukirekodi hedifoni zako kwa maikrofoni, unaweza kuufuata utaratibu huo kwenye kompyuta. Programu ya foobar2000 ina nyongeza ya kazi hiyo.

Swali: Baada ya kurekebisha, sikio la kushoto linatoa mkwaruzo kwenye besi. Nimeambiwa utaisha nikiizoesha. Nimeichezesha siku nne na haujaisha. — *Msikivu*

Jibu: Acha kuichezesha leo hii. Mkwaruzo si upya wa spika, ni kitu kinachogusana na kiwambo, na kila saa unayoongeza inaweza kukijeruhi.

Mara nyingi ni unywele mmoja. Hedifoni ikifunguliwa mezani, unywele mfupi au uzi wa felti huanguka juu ya kiwambo, na kwa sauti za kati hausikiki kabisa. Besi inapokisukuma kiwambo mbele na nyuma, ncha yake hupiga kama inzi aliyenaswa kwenye karatasi. Cheza sauti moja inayopanda polepole kutoka hezi 20 hadi 200, kwa sauti ndogo, usikilize ni wapi mkwaruzo unaanza na wapi unakoma. Kisha fungua kikombe chini ya taa kali, uinamishe taa ubavuni ili kila uzi utupe kivuli, na uondoe unywele huo kwa brashi laini kabisa ya kuchorea. Usipulize kwa mashine ya upepo wala usivute kwa mashine ya kufyonza vumbi, kwani vyote viwili huweza kukibonyeza au kukichana kiwambo mara moja.

Ikiwa ulitoboa au kukata chuma karibu na hapo, shaka iende kwenye chembechembe za chuma, ambazo sumaku huzivuta na kuzishikilia. Hizo hazifagiliki; zigonge kwa ncha ya utepe unaonata, moja baada ya nyingine. Na bisibisi yako iweke mbali. Sumaku ya spika huivuta ghafla kutoka mkononi, na nimeona kiwambo kizuri kikitobolewa namna hiyo na fundi mwangalifu.

Swali: Je, vipokea sauti vya kuchomeka ndani ya sikio, vile vya balansi amecha, vinahitaji kuzoeshwa? — *Mwanafunzi*

Jibu: Havihitaji. Ndani yake kuna ulimi mdogo wa chuma unaotetemeka kati ya sumaku, uliounganishwa kwa kijiti na kiwambo kidogo kigumu, na hakuna mzingo mpana wa kulegea. Kinachobadilika kwako ni kina cha uingizaji na namna ncha ya sponji au mpira inavyolikaza tundu la sikio. Angalia pia kichujio cha mdomoni mwake: nta ikikiziba, sauti za juu huzimika polepole kiasi kwamba mwenyewe hudhani kifaa kimekomaa.

Swali: Nina maikrofoni ya kupimia na programu ya Room EQ Wizard. Nimetoboa ubao, nikaipitisha maikrofoni mpaka usawa wa uso wa ubao, na ninailaza hedifoni juu yake. Nimepima kabla na baada ya saa 50, na mistari haifanani. Je, nimeuthibitisha uzoeshaji? — *Mpimaji*

Jibu: Bado, bwana mpimaji, ingawa ubao wako ni chombo kizuri kuliko unavyodhani.

Kwanza ujue chombo chako kinatofautiana kiasi gani na chenyewe. Pima hedifoni mara tano kwa dakika kumi, bila kubadilisha kitu, ila kila mara iinue na uirudishe kana kwamba unaivaa upya. Weka mistari yote mitano pamoja. Utaona kwamba katika sauti za kati inalaliana, kwenye besi inaachana kidogo kutokana na mvujo, na juu ya hezi 5,000 inatawanyika. Mtawanyiko huo ndio mpaka wa maneno yako: kama mistari mitano ya hali ileile inatofautiana kwa desibeli 3 kwenye hezi 8,000, huwezi kudai hapo badiliko la desibeli 1, hata likikupendeza vipi. Chora penseli kuzunguka mito juu ya ubao ili hedifoni irudi palepale, weka kitu chenye uzito mmoja juu yake kila mara, pima mara tano kabla na mara tano baada, kisha linganisha wastani kwa wastani. Andika na joto la chumba, kwa sababu sponji na ngozi ya mito hukaza kwenye baridi.

Usijaribu kulinganisha mistari yako na mstari lengwa wa Harman, yaani mchoro wa sauti ambayo watafiti wa kampuni ya Harman waliona wasikilizaji wengi huipenda. Ule ulitengenezwa kwa vipimo vya sikio bandia lenye umbo la sikio na tundu lake, ambalo huinua sauti za karibu na hezi 3,000 kwa desibeli nyingi; ubao hauna sikio. Ubao wako hujibu swali la kabla na baada, na hilo ndilo ulilouliza.

Ikiwa hedifoni yako ni ya koili, kuna kipimo kingine ambacho hakijali mito wala mahali ilipolala kwa kiasi kile, nacho ni ukinzani wake wa umeme kwa kila masafa. Hedifoni kama Sennheiser HD 650, ambayo imeandikwa omu 300, hupanda juu zaidi ya hapo kwenye besi, katika kilima kimoja kinachoonekana wazi. Kilele cha kilima hicho ndiyo masafa asilia ya kiwambo chake. Kiwambo kikilegea, kilima kitahamia kushoto, kwenye masafa ya chini. Programu unayoitumia inaweza kukipima kwa msaada wa kipingamizi kimoja na waya chache, na hedifoni ikiwa imelazwa mezani bila kuguswa. Kilima kisipohama, spika haijalegea, na tofauti ulizoziona zimetoka kwenye mito au mkononi mwako. Kwa hedifoni zenye koili bapa kama ile ya barua ya kwanza kipimo hiki hakifai, kwa kuwa ukinzani wake ni karibu mstari ulionyooka na hakuna kilima cha kufuatilia.

Niwie radhi kwa kukuongezea kazi, lakini kabla ya yote hayo cheza sauti ya mtu mmoja katika mono na usikilize inasimama wapi. Umeandika mwishoni mwa barua yako kwamba ulilehemu waya mpya katika vikombe vyote viwili, na kwamba tangu hapo waimbaji «wamepanuka» na besi imekuwa ya ajabu. Sauti ya mono inapaswa kusimama katikati ya kichwa kama nukta moja. Ikienea pande zote bila kuwa na mahali, upande mmoja umelehemiwa kinyume, chanya mahali pa hasi, na viwambo vinasukuma kwa kupishana. Mistari yako ya ubao haiwezi kukuonyesha kosa hilo kwa sababu unapima kikombe kimoja kimoja. Geuza waya mbili za upande mmoja tu, kwa chuma cha kulehemu chenye ncha ndogo na kwa mguso usiozidi sekunde mbili, halafu urudie vipimo vyako vyote upya.